Oganiki, natural, asilia: jinsi ya kusoma lebo za vyakula bila kupigwa

Ukiingia supamaketi yoyote ya Dar siku hizi, iwe Mlimani City, iwe Mikocheni au kale kaduka kapya ka mtaani kwenu Tabata, kila kitu ni natural. Asali natural, juisi natural, hadi krispi za pakiti zimechorewa jani la kijani pembeni, na bei imepanda elfu mbili elfu tatu kisa hilo jani. Sasa kabla hujatoa hiyo hela ya juu jiulize kitu kimoja tu, hilo neno kalikagua nani? Maana kuna maneno yana mkaguzi nyuma yake, na kuna maneno mwenye bidhaa kakaa na mtu wa kuprinti stika Kariakoo wakakubaliana yakae hapo kwa sababu yanavutia.

Tuanze na yenye mkaguzi, ni machache hayatuchukui muda.

La kwetu ni Kilimohai, yaani hiyo oganiki kwa Kiswahili. Hii ni nembo ya Afrika Mashariki nzima, imesimama juu ya kiwango cha mazao ya kilimo hai ambacho Jumuiya ilikipitisha 2007, na hapa Tanzania watu wa kuwauliza ni TOAM, shirika la wadau wa kilimo hai. Mkulima hajibandikii tu, ni lazima akaguliwe, ama na kampuni ya ithibati ama awe kwenye kikundi cha wakulima wanaokaguana kwa utaratibu unaotambulika, wenyewe wanauita PGS, na huu wa pili ndo wakulima wadogo wanaoumudu maana kuleta mkaguzi wa kampuni ni hela ndefu. Ukiiona hiyo nembo tafuta na jina la mzalishaji au kikundi, kama hakuna jina wala namba ya kumpata mtu basi hapo una picha tu. Na usishangae kutoiona mara kwa mara, mazao yetu mengi yenye ithibati yanapakiwa kwenda nje, kakao ya Kyela kwa mfano, huku kwetu yanabaki kidogo.

Bidhaa za nje utakutana na nembo mbili zaidi. Ya Ulaya ni jani lililochorwa kwa nyota 12 nyeupe kwenye kijani, na karibu yake lazima kuwe na code ya mkaguzi, yaani herufi mbili za nchi, neno kama BIO, halafu namba. Kama jani lipo na code haipo, rudisha kwenye rafu. Ya Marekani ni ile duara ya USDA Organic, ya wizara yao ya kilimo. Hizi zote mbili zinataka angalau asilimia 95 ya viungo viwe vya kilimo hai. Hapo kwenye ya Marekani kuna kamchezo, ukiona pakiti imeandikwa "made with organic oats" na haina ile duara, hiyo ni daraja la chini, inaanzia asilimia 70, kwaiyo usilipe bei ya ile nyingine.

Epo na peasi za nje zina kale ka stika kadogo ambako wengi tunakabandua tunatupa. Kasome kwanza. Ikiwa na tarakimu nne ni kilimo cha kawaida, tarakimu tano zinazoanza na 9 ni oganiki. Epo ya kijani ya Granny Smith ikiwa 4017 ni ya kawaida, ikiwa 94017 ndo oganiki. Sasa ukikuta ndoo imeandikwa kwa maka peni "organic apples" afu stika zote ndani ni 4017, hapo huhitaji kubishana na mtu.

Alafu jamani TBS sio oganiki. Nembo ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, inakwambia bidhaa imekidhi kiwango chake, na mimi kwa vyakula vya kusindika naitafuta kabla ya kitu kingine chochote, ila haisemi lolote kuhusu shamba lilitumia mbolea gani. Hivyo hivyo na 620 mwanzoni mwa barcode, inaonyesha kampuni imesajili namba zake Tanzania, haikuhakikishii hata kwamba kilichomo ndani kimelimwa Tanzania.

Na oganiki yenyewe sio "haijapigwa dawa" kama watu wanavyoamini. Mbolea za urea na DAP na viuatilifu vya viwandani vimekatazwa, ndio, ila dawa zinazotokana na vitu vya asili kama pareto na mwarobaini zinaruhusiwa. Kwaiyo nyanya ya oganiki nayo unaiosha.

Haya, sasa tuje kwa natural, hapa ndo hela inapopotea. Hata Marekani kwenyewe mamlaka yao ya chakula, FDA, haina kanuni rasmi inayolifafanua hilo neno, kwa hiyo usitegemee lililochapwa kwenye kopo la hapa liwe na uzito kuliko huko. "Asilia", "pure", "100% natural", "ya nyumbani", yote yaweke kapu moja. Dawa yake ni kugeuza kopo.

Chukua siagi ya karanga. Mbele imeandikwa 100% natural, karanga zimemwagika vizuri kwenye picha. Geuza nyuma, tafuta panapoandikwa viungo, herufi ndogo mpaka ukaombe miwani: karanga, sukari, mafuta ya mawese, chumvi. Viungo vinapangwa kwa uzito, kilichowekwa kingi kinatangulia, kwaiyo hapo sukari ni ya pili baada ya karanga zenyewe. Hakuna aliyekudanganya, sukari inatoka kwenye miwa na mawese yanatoka kwenye mti, ila wewe ulidhani unanunua karanga tupu. Kopo la jirani lake halina jani lolote, lebo imechuja hadi inatia huruma, viungo: karanga, chumvi. Mafuta yamepanda juu kwa sababu hakuna kitu cha kuyashika, unakoroga na kijiko basi. Mimi nachukua hilo, na mara nyingi ndo la bei chee.

Juisi ni hivyo hivyo. Ikiandikwa "nectar" au "drink" au "ladha ya embe" jua kuna maji, na mara nyingi sukari, vimeingia, tafuta asilimia ya tunda.

Kuna na maneno ambayo ni ya kweli kabisa ila hayana kazi. Mafuta ya alizeti yameandikwa "haina kolesteroli", sawa, hakuna mafuta ya mimea yenye kolesteroli ya maana, hata ya bei ya chini kabisa pale chini kwenye rafu. "Non-GMO", yaani mbegu haijabadilishwa vinasaba, kwenye unga wa mahindi ya hapa hapa, wakati Tanzania hatulimi mahindi ya GMO kibiashara na hata majaribio yake serikali iliyasimamisha Januari 2021. "Kuku bila homoni" nalo linauza sana sababu ya zile stori za kuku kudungwa, ila kuku wa nyama anakua haraka kwa sababu ya mbegu na chakula, homoni hazihusiki. La kumuuliza mfugaji ni antibayotiki, kama aliwapa dawa alisubiri siku zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kuchinja au aliwahi wateja?

Kuna sehemu mbili naomba usifuate neno asili hata kama ni la bure. Ya kwanza chumvi. Zile chumvi za pinki na za mawe zinazosifiwa mtandaoni mara nyingi hazina madini joto, na madini joto ndo yanayozuia rovu na yanahitajika sana kwa mjamzito na mtoto aliye tumboni. Kama ndani kuna mjamzito nunua chumvi ya kawaida ya pakiti yenye maandishi ya madini joto, fulu stopu. Ya pili ni karanga, mahindi na unga wa lishe visivyo na jina wala anwani. Sumukuvu inatokana na ukungu na haijali kama shamba lilikuwa la oganiki, mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na mahindi yale yalikuwa ya kulima wenyewe, ya asili mia kwa mia. Hapa TBS na tarehe ya kutengenezwa vina maana kuliko jani la kijani.

Sasa vitu visivyo na lebo kabisa, ambavyo ndo tunavila zaidi. Kuku "wa kienyeji" wengi mjini ni chotara, Kuroiler au Sasso, sio wabaya hata kidogo ila usilipe bei ya kuku wa Singida. Muulize muuzaji ana umri gani. Akikwambia miezi minne na kuku ana kilo mbili na nusu, huyo ni chotara, kienyeji mwenyewe hafiki huko kwa muda huo. Mayai usiyapime kwa kiini cha njano, rangi inatoka kwenye chakula, kuku wa banda akipewa mahindi ya njano au majani ya kutosha anatoa kiini cha njano vizuri tu.

Mboga za majani swali sio mbolea, swali ni maji. Mchicha wa bonde la Msimbazi unaweza usiwe umeona chembe ya urea na bado ukawa umenyweshewa maji yenye uchafu wa viwandani na wa vyoo, na metali nzito hazitoki kwa kuosha hata utumie vinega. Muulize mama wa genge mboga zinatoka wapi na zinamwagiliwa nini. Anayekujibu "za Kibamba, kisima kiko palepale shambani" mwombe namba ya huyo mkulima, wengi wanaleta kwa bodaboda ukichanganya oda na majirani wawili watatu.