Umbo la kifua baada ya upasuaji wa kuondoa matiti

Mwanamume aliyebadili jinsia, yaani aliyehesabiwa mwanamke alipozaliwa, anapofunguliwa bandeji na kuona upande mmoja umejaa kuliko mwingine, asiharakishe kuhukumu kazi ya daktari, kwa sababu uvimbe hupungua taratibu kwa miezi kadhaa na mara nyingi pande mbili hazipungui kwa kasi moja.

Piga picha kila mwezi, ukiwa umesimama mahali pale pale, mikono imeshuka na mwanga ukitoka mbele. Kioo cha kila asubuhi hukuza hofu, ilhali picha huonyesha mabadiliko. Chunguza miisho ya kovu karibu na kwapa, ambako ngozi iliyozidi hujikunja na kutokeza kijinundu laini. Kijinundu hicho huweza kulainika chenyewe, na kisipolainika huondolewa kwa upasuaji mdogo, ambao kwa kawaida madaktari huuahirisha kwa miezi 6 hadi 12.

Ukibonyeza polepole na kuhisi maji yakisogea chini ya ngozi, mwone daktari ayavute kwa sindano, usijitoboe kamwe. Upande mmoja ukivimba ghafla, ukiuma na kukaza, au ukipata homa na usaha, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku.

Fulana ya kubana ivaliwe kwa muda aliopanga daktari. Nairobi, katika wiki za mwanzo, epuka matatu iliyojaa saa za msongamano, maana kiwiko cha abiria mwenzako kinaweza kuumiza kidonda kibichi.