Uchaguzi mdogo wa bunge la jimbo Minnesota: jinsi ya kujiandikisha na kupiga kura

Tarehe 16 Septemba 2025, wapigakura wa eneo bunge 34B, upande wa Brooklyn Park na Champlin, walimchagua mrithi wa mbunge wao, Melissa Hortman, aliyeuawa mwezi Juni mwaka huo. Kabla ya kifo chake, Baraza la Wawakilishi la Minnesota lilikuwa na wabunge 67 kila upande. Kwa miezi mitatu hivi, Republican walikuwa na 67 na Democrat 66. Uchaguzi wa eneo moja ndio uliorudisha usawa. Brooklyn Park wanaishi Wakenya wengi, na wengi wetu hatukusikia habari za uchaguzi huo hadi ulipopita. Ndiyo maana naandika haya.

Nyumbani tunauita uchaguzi mdogo. Huku mbunge wa jimbo akifa, akijiuzulu au ushindi wake ukifutwa na mahakama, gavana hutoa hati ya kuitisha uchaguzi. Hata hati hiyo ina sheria zake: Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Minnesota ilifuta uchaguzi wa eneo 40B kwa kuwa gavana aliuitisha mapema mno, ukafanyika Machi 11. Mambo huenda mbio sana. Katika eneo la Seneti namba 60, mchujo wa vyama ulikuwa Januari 14 na uchaguzi wenyewe Januari 28, wiki mbili tu. Usisubiri mabango barabarani.

Kwanza, hakikisha unaruhusiwa

Lazima uwe raia wa Marekani, uwe umetimiza miaka 18 siku ya uchaguzi, na uwe umeishi Minnesota siku 20. Aliyewahi kufungwa kwa kosa kubwa anaruhusiwa mradi hayupo gerezani. Sheria ilibadilika mwaka 2023.

Hapa naomba tusikilizane vizuri. Ukiwa na green card, usijiandikishe. Usijaze fomu hata kama mtu amekuwekea mkononi sokoni au kanisani na kukuambia ni ya kila mtu. Leseni ya udereva ya Minnesota si uthibitisho wa uraia, kwa hiyo kupewa leseni hakumaanishi umepewa kura. Kujiandikisha kabla ya kula kiapo cha uraia kunaweza kukunyima uraia, na kunaweza kukufukuzisha nchini. Subiri kiapo, kisha ujiandikishe siku hiyo hiyo ukitaka.

Pili, jua eneo bunge lako

Jimbo lina maeneo 67 ya Seneti, na kila moja limegawanywa mara mbili, A na B, kwa ajili ya Baraza la Wawakilishi. Anayepiga kura ni mkazi wa eneo lenye kiti kilicho wazi, basi. Jirani wa ng'ambo ya barabara anaweza kuwa eneo lingine kabisa. Ingia mnvotes.gov, andika anwani yako, utaonyeshwa eneo na kituo. Angalia tena hata kama ulipiga kura mwaka jana, maana kituo kinaweza kuhamishwa.

Tatu, jiandikishe

Njia rahisi ni mtandaoni kupitia tovuti hiyo hiyo, kabla ya siku 21 za mwisho. Utahitaji namba ya leseni au kitambulisho cha Minnesota, au tarakimu nne za mwisho za Social Security. Ukihama nyumba au ukibadili jina, unajiandikisha upya. Usipopiga kura miaka minne mfululizo, jina lako huondolewa.

Muda ukipita, usikate tamaa. Kenya, kiti kikitangazwa kuwa wazi, uandikishaji katika eneo hilo husimama. Minnesota unaweza kujiandikisha kituoni siku ile ile ya kupiga kura. Beba leseni yenye anwani yako ya sasa. Kama anwani ni ya zamani, ongeza bili ya umeme, maji, simu, intaneti au benki yenye jina lako na anwani mpya, ya ndani ya siku 30 za uchaguzi. Kuionyesha kwenye skrini ya simu kunakubalika.

Huna chochote? Mpigakura aliyeandikishwa katika eneo la kituo chako anaweza kuja nawe, akaapa kwa sahihi kwamba anajua unaishi pale. Anaweza kuwadhamini watu hadi wanane. Ila wewe uliyedhaminiwa huwezi kumdhamini mwingine siku hiyo. Kwa ndugu wageni wanaoishi nyumba ya jamaa bila bili hata moja kwa jina lao, njia hii ni mkombozi.

Nne, piga kura

Kura ya mapema haihitaji sababu. Iombe kwa posta kupitia mnvotes.gov, au nenda ofisi ya uchaguzi inayohudumia eneo lako. Fuata maelezo ya bahasha neno kwa neno, hasa sehemu ya sahihi na shahidi. Iliyotumwa lazima ifike kabla ya kituo kufungwa, kwa hiyo posta ya siku ya mwisho ni hatari.

Siku yenyewe, vituo vingi hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 2 usiku. Ukiwa kwenye foleni saa 2 inapogonga, utapiga kura. Kama umeshaandikishwa, huulizwi kitambulisho. Kiingereza kikikusumbua, njoo na mtu wa kukusaidia, ila asiwe mwajiri wako wala mwakilishi wa chama chako cha wafanyakazi.

Na mnaofanya zamu nursing home na kwenye maghala: sheria ya Minnesota inakupa muda wa kwenda kupiga kura bila kukatwa mshahara, na uchaguzi mdogo wa bunge la jimbo umo. Mwarifu msimamizi mapema, kwa ujumbe wa maandishi, ili mpange saa.