Dawa ya plastiki: nini cha kuchanganya kwa boya, panga la pampu na bushi

Karakana yangu iko Kisumu, si mbali na soko la Kibuye, na kazi nyingi zinazonifikia ni vitu vilivyokwisha kuvunjika: boya la kizimba cha samaki, panga la pampu ya maji, yaani gurudumu la mapezi linalosukuma maji, kutoka mashamba ya mpunga ya Ahero, bushi ya mkokoteni, ile pete ambamo shafti huzunguka. Mwenye kitu husema tu, "Fundi, nitengenezee kigumu zaidi." Mimi nataka kwanza kujua kilichokiua. Ni jua, ni mzigo, ni joto au ni msuguano? Dawa ya jua haisaidii mzigo, na kila dawa unayochanganya na plastiki huongeza hapa ikipunguza pale.

Jua kwanza plastiki uliyo nayo. Tumbukiza kipande majini: polipropilini na polithini ngumu ya madumu huelea, nailoni na PVC huzama. Ila polipropilini iliyotiwa unga wa talki asilimia 20 nayo huzama, kwa hiyo usiyaamini maji peke yake. Nenda nje, washa ncha ya kipande kidogo. Harufu ya mshumaa ni ya polipropilini au polithini. Moshi mkali, na moto unaojizimia ukiondoa kiberiti, ni PVC. Hiyo itenge kabisa. Ikiingia kwenye mashine yenye joto la kuyeyushia nailoni, digrii 220 na zaidi, hutoa gesi ya asidi inayokula chuma na mapafu.

Boya linauliwa na jua. Tuko karibu kabisa na ikweta, na polithini isiyokingwa hupauka, ikatoa unga mweupe, kisha ikapasuka. Dawa ya bei nafuu ni kaboni nyeusi, yaani masizi laini, asilimia 2 hadi 2.5, kiasi kile kile cha mabomba meusi ya maji. Usinunue masizi makavu. Yatachafua karakana na hayatachanganyika. Nunua punje za plastiki zilizokwisha kukolezwa kaboni. Zikiwa na kaboni asilimia 40, weka kilo 5 kwa kila kilo 95 za polithini, upate asilimia 2. Pima kwa mizani, si kwa kopo. Halafu kwangua unyuzi mwembamba kwa wembe, uubane kati ya vioo viwili vilivyopashwa moto, uutazame dhidi ya mwanga. Ukiona michirizi myeupe, jua litaingilia hapo hapo. Wanaotaka boya la buluu nawatilia vidhibiti mwanga vya jamii ya amini, asilimia 0.2 hadi 0.5, na nawaambia mapema kwamba bei inapanda.

Panga la pampu ndilo lenye kazi. Wengi hukimbilia nailoni kwa sababu ya jina lake, lakini nailoni hunywa maji, ikavimba na kulegea. Ndani ya pampu napendelea polipropilini yenye nyuzi za faibaglasi asilimia 30. Ukakamavu wake ni kama mara nne ya polipropilini tupu, na huvumilia joto kubwa zaidi kabla ya kupinda. Kama mashine yako ina skrubu moja tu ya kusukuma plastiki, usimwage nyuzi kwa mkono: zitaganda kwenye hopa, pale pa kumwagia punje, na kukatika vipande visivyo na faida. Nunua punje zilizokwisha kuchanganywa.

Muulize muuzaji kama kuna kishikizo ndani, yaani polipropilini iliyopandikizwa maleiki anhidridi, kwa kawaida asilimia 1 hadi 3. Bila hicho, plastiki na glasi hukaa pamoja bila kushikana. Akibabaika, vunja kipande mwenyewe na ukitazame kwa lenzi. Nyuzi ndefu zinazochomoza safi, zinazong'aa, na vishimo vitupu kando yake, ni dalili kwamba hazikushikwa. Nyuzi nzuri huchomoza fupi, zimevaa plastiki.

Moldi, yaani kalibu, nayo ina neno lake. Polipropilini tupu husinyaa asilimia 1.5 hadi 2 ikipoa. Yenye glasi husinyaa chini ya asilimia 1. Moldi ile ile itakupa panga kubwa zaidi, likwaruze nyumba ya pampu. Plastiki iingizie katikati, kwenye kitovu. Ukiiingizia pembeni, mikondo miwili hukutana upande wa pili, nyuzi hazivuki kiungo hicho, na panga hupasuka pale pale kwenye kiungo. Vaa barakoa unapokata, na ujue glasi hula skrubu.

Chokaa siipendi kwa kazi ya mzigo. Hupunguza gharama, basi. Pumba za mpunga za Ahero nimezitumia kwa mbao za plastiki: zikaushe sana na usipitishe digrii 200, la sivyo zinaungua. Kisanduku cha nyaya za umeme kinataka dawa ya kuzuia moto, nayo ni hidroksidi ya magnesiamu, kwa sababu ile ya alumini huanza kuachia maji kwenye digrii 200 hivi, wakati polipropilini bado inapita kwenye mashine. Dawa hii huhitajika nyingi, hata asilimia 60, na plastiki inakuwa ya kuvunjika upesi, kwa hiyo nenepesha kuta.

Bushi ndiyo mahali pa nailoni. Kausha punje kwa digrii 80, saa nne au zaidi. Michirizi ya fedha kwenye kitu kilichotoka ni maji. Changanya molibdeni disalfaidi asilimia 2 hivi au grafiti, bushi iteleze hata grisi ikikauka. Ikishatoka, iloweke kwenye maji ya moto inywe inachotaka kunywa na ivimbe sasa, ndipo uitoboe kwa kipimo cha shafti na kuachia nafasi kidogo.