Namna ya Kuielewa Pembetatu Pacha na Kuepuka Makosa ya Kawaida

Pembetatu pacha ni pembetatu ambayo pande zake zisizopungua mbili zina urefu sawa. Pembetatu sawa, ambayo pande zake zote tatu zinalingana, nayo imo katika kundi hilo, ingawa wanafunzi wengi huiona kuwa jamii nyingine kabisa. Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki aliyeandika mnamo mwaka 300 KK hivi, aliitenga, lakini leo wanahisabati hupendelea kuijumuisha, kwa kuwa kila kanuni inayothibitishwa kwa pembetatu pacha huwa kweli kwake pia.

Kabla ya kugusa pembe yoyote, tafuta kwanza pande zinazolingana na uzitie alama. Mahali zinapokutana ndipo penye kipeo, na upande uliobaki ndio kitako, hata kama umechorwa juu au umelala mshazari. Hapa ndipo kosa kubwa kuliko yote linapozaliwa, kwani michoro mingi ya darasani huweka kitako chini, na mwanafunzi huishia kuamini kwamba pembe mbili za chini ndizo zinazolingana siku zote. Chukua pembetatu PQR iliyochorwa QR ikiwa chini, kisha uambiwe kwamba PQ = QR. Wengi wataandika kwamba pembe Q ni sawa na pembe R, kwa sababu tu zote ziko chini. Kanuni ni kwamba pembe zinazolingana ni zile zinazokabili pande zinazolingana. Weka kidole juu ya upande PQ, ukipitishe ndani ya umbo hadi kwenye pembe inayoukabili: utafika R. Fanya vivyo hivyo kwa QR, nawe utafika P. Kwa hiyo pembe P ndiyo iliyo sawa na pembe R, na kitako ni PR. Kanuni hii hufanya kazi kinyumenyume pia: ukijua kwamba pembe mbili zinalingana, basi pande zinazozikabili zinalingana.

Ukitaka kuona sababu yake, kata pembetatu pacha ya karatasi, kisha uikunje ili pande mbili sawa zilaliane. Pembe mbili za kitako zitafunikana bila kuzidiana, na mkunjo utakuwa umegawa pembe ya kipeo nusu kwa nusu, umekata kitako katikati, tena kwa pembe mraba. Sifa hizo tatu ni za mstari unaotoka kwenye kipeo pekee. Ukianzia kwenye pembe ya kitako, mstari unaokata upande unaoikabili katikati hautakuwa kimo cha pembetatu, yaani hautaukata upande huo kwa pembe mraba, isipokuwa pande zote tatu ziwe sawa.

Maswali ya pembe yanahitaji subira. Ukiambiwa kwamba pembe moja ya pembetatu pacha ni nyuzi 70, bila kutajiwa ni ipi, majibu ni mawili: ikiwa ni ya kitako, pembe ni 70, 70 na 40, ikiwa ni ya kipeo, ni 70, 55 na 55. Mwanafunzi aliyetoa jibu moja hakukosea hesabu, ila ameacha nusu ya swali. Kwa nyuzi 100 jibu ni moja tu, yaani 100, 40 na 40, maana pembe mbili za nyuzi 100 zingevuka 180, ambayo ni jumla ya pembe zote tatu za pembetatu. Mfano huo unaonyesha pia kwamba pembetatu pacha inaweza kuwa na pembe butu, mradi iwe ya kipeo. Tahadhari hiyohiyo inahusu pande: ukipewa sentimeta 4 na 9, upande wa tatu lazima uwe 9, kwa sababu 4 na 4 zikijumlishwa hazifiki 9.

Katika eneo, kosa la kawaida ni kutumia upande wa mshazari kana kwamba ni kimo. Kwa pande za sentimeta 10, 10 na 12, wengi huzidisha nusu ya 12 kwa 10 na kupata 60. Kimo kinagawa kitako kuwa 6 na 6, hivyo kwa kanuni ya Pythagoras mraba wa kimo (kimo mara kimo) ni 100 kutoa 36, yaani 64. Kimo ni sentimeta 8, na eneo, yaani nusu ya kitako mara kimo, ni sentimeta za mraba 48. Kimo hicho daima ni kifupi kuliko pande mbili zinazolingana, kwa hiyo jibu la 60 lilistahili kutiliwa shaka mara tu 10 ilipotumika.