Mshubiri ukilegea, usikimbilie maji

Mshubiri, au alovera kama wengi tunavyouita, hufa zaidi kwa maji mengi kuliko kwa kiu. Majani yakianza kulegea na kuwa laini, watu huongeza maji, kumbe mizizi tayari inaoza. Chomeka kidole kwenye udongo: ukihisi unyevu kwenye kina cha sentimita 5 hivi, acha kwanza. Ukikauka kabisa, mwagilia hadi maji yatokee chini, kisha mwaga yanayobaki kwenye kisahani. Chungu kisicho na matundu sikishauri, hata kiwe kizuri namna gani. Udongo nao uchanganye na mchanga wa chembe kubwa.

Jani lililosinyaa na kuwa jembamba ndilo lenye kiu kweli. Likigeuka jekundu au kahawia baada ya kuhamishiwa nje, ni jua kali tu. Uzoeshe mmea polepole.

Vichipukizi vya pembeni ving'oe na mizizi yake, viache kivulini siku moja au mbili ili jeraha likauke, ndipo uvipande. Ukivuna, kata jani la nje kabisa, ulisimamishe hadi utomvu wa njano utoke. Huo huharisha.