Kabla hujajaza chuo cha uuguzi
Wadogo zangu mnaoomba shahada ya uuguzi, msiishie kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania). Thibitisha kwamba programu inatambuliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga (TNMC), maana bila leseni yao huruhusiwi kufanya kazi ya uuguzi ukihitimu. Halafu uliza swali ambalo wengi hulisahau: mafunzo ya vitendo mnafanyia hospitali gani, na ni umbali gani kutoka bwenini? Shahada ni miaka 4, na zamu za usiku zimo. Nauli ya kwenda hospitali hiyo mara nyingi haimo kwenye ada. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu, umuulize ameshazalisha akina mama wangapi kwa mikono yake mwenyewe. Akianza kujiumauma, jaza chuo kingine.