Mkate wa sufuria usio na E282 (kile kihifadhi cha mkate wa dukani), twende hatua kwa hatua

Hii ni kwa wale ambao wakila mkate wa dukani ngozi inawasha au kichwa kinagonga, lakini chapati wanakula fresh tu. Kama shida yako ni ngano yenyewe basi achana na hii, haitakusaidia.

Kabla hujawasha jiko soma paketi, maana wengi wanajua ukishaoka nyumbani umemaliza kumbe vitu vimo humohumo kwenye mahitaji. Hamira ya chengachenga mara nyingi ina E491 (emalsifaya, yaani kitu cha kuchanganya mafuta na maji), na zingine zina E300 (vitamini C) juu yake, ukipata hamira mbichi ile ya kipande chukua hiyo, kawaida haina. Majarini ndo usiseme, rangi imo, emalsifaya imo, kwa hiyo weka mafuta ya alizeti au samli. Na unga uangalie usiwe ule ulioongezewa viboreshaji, ukishindwa kabisa nunua ngano ukasage mashineni, mkate utakua mzito kidogo ila mtamu.

1. Unga nusu kilo, chumvi kijiko cha chai kimoja, sukari kimoja. Hamira mbichi gramu 15 ivurugie kwenye maji ya vuguvugu, mililita 300, yakiwa ya moto unaiua.

2. Changanya, tia mafuta vijiko viwili vya chakula, kanda dakika 10 bila kuibia. Donge likinata usikimbilie kuongeza unga, endelea tu kukanda litajiachia lenyewe.

3. Funika uumuke mpaka uwe mara mbili, Dar ni kama saa moja, Arusha kwenye baridi subiri zaidi.

4. Toa hewa, uviringe, weka kwenye sufuria uliyopaka mafuta, uumuke tena nusu saa.

5. Oveni digrii 200, dakika 30 mpaka 35. Jiko la mkaa: moto kiduchu chini, mwingi juu ya mfuniko, ukikosea hapo unaungua kitako ndani mbichi. Ugonge chini, ukilia kama debe tupu umeiva.

E282 kazi yake ni kuzuia ukungu, sasa huu hauna, kwenye joto siku mbili tu basi. Ukate slesi ziende friza.

Na siku za kwanza ule mtupu na chai, sio unakwepa majarini kwenye unga halafu unaipaka juu.